Mapumziko ya Kiangazi kwa Wachezaji Vijana wa Soka ya Ushindani Nchini Marekani: Muda, Namna na Dhamana

Ikisiri

Makala hii inajadili muda ambao mchezaji kijana wa soka ya ushindani nchini Marekani anapaswa kupumzika wakati wa kiangazi, baina ya msimu mmoja na mwingine. Mjadala umejikita katika mambo matatu: mpangilio wa kalenda ya soka ya vijana nchini humo, mahitaji ya mwili unaokua, na hofu ya wazazi na makocha kwamba mapumziko humpotezea mchezaji utimamu wa mwili alioujenga kwa mwaka mzima. Hoja kuu ni kwamba mchezaji wa umri wa miaka 12 hadi 18 anayecheza karibu mwaka mzima anahitaji angalau mwezi mmoja kamili, usiokatizwa, wa kukaa mbali na soka kila kiangazi. Kwamba mwezi huo ni fungu moja tu la mapumziko anayostahili kwa mwaka. Na kwamba kinachouzuia si maumbile ya mwili bali ni kalenda inayopangwa na watu wazima. Kwa hiyo makala inapendekeza mapumziko yapangwe na klabu na ligi kwa pamoja, badala ya kuachiwa uamuzi wa familia moja moja.

1.0 Utangulizi

Kila mwaka, mwezi wa Mei unapokaribia kwisha, swali moja hurudi katika klabu za soka za vijana nchini Marekani: mchezaji wa miaka 14 aliyemaliza ligi apumzike wiki ngapi kabla ya kurejea uwanjani? Majibu hupishana. Wapo makocha wanaoona wiki moja inatosha. Wapo wanaoruhusu wiki mbili kwa sharti kwamba mchezaji aendelee kukimbia peke yake kila asubuhi. Madaktari wa watoto hutaja mwezi. Mzazi aliyekwisha kulipia kambi ya mafunzo ya Julai hujikuta katikati, asijue amsikilize nani.

Tofauti hizo zinatokana kwa sehemu na matumizi ya maneno. Hivyo ni vyema kubainisha istilahi tatu kabla ya kuendelea. Kwanza, kiangazi katika makala hii ni miezi ya Juni, Julai na Agosti, ambayo kaskazini mwa dunia ni miezi ya joto na ya likizo ndefu ya shule. Msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye miezi hiyo kwake ni ya kipupwe, hana budi kuizingatia tofauti hiyo. Pili, soka ya ushindani ni ile inayochezwa katika klabu zinazowachagua wachezaji kwa majaribio, zenye makocha wa kulipwa na zinazosafiri kwenda kucheza ligi na mashindano nje ya mji. Tatu, mapumziko yana sura mbili. Yapo mapumziko kamili, ambayo mchezaji hafanyi mazoezi yoyote yaliyopangwa. Na yapo mapumziko tendaji, ambayo mchezaji huacha soka lakini huendelea kuogelea, kuendesha baiskeli, kutembea milimani au kucheza michezo mingine kwa kujifurahisha. Wanaobishana kuhusu idadi ya wiki mara nyingi hawabishani juu ya jambo moja: mmoja anapinga mwezi wa kukaa kitako, mwingine anatetea mwezi wa kukaa mbali na mpira. Haya ni mambo mawili tofauti.

2.0 Kalenda ya Soka ya Vijana Nchini Marekani

Ligi za klabu kwa kawaida huchezwa katika vipindi viwili: majira ya mapukutiko, kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba, na majira ya machipuko, kuanzia Februari au Machi hadi Mei au Juni. Baina ya vipindi hivyo, wakati wa baridi, wachezaji wengi huhamia kwenye soka ya ndani ya ukumbi. Sambamba na klabu kuna timu za shule za sekondari. Msimu wa shule hutofautiana baina ya majimbo: majimbo mengi huuchezesha wakati wa mapukutiko, ilhali Texas, Florida na California huuchezesha wakati wa baridi. Kwa hiyo msichana wa Texas anayechezea shule na klabu anaweza kutoka kwenye mapukutiko ya klabu, akaingia kwenye majira ya baridi ya shule, kisha akarudi kwenye machipuko ya klabu, bila mwezi mmoja wa mwanya katikati.

Kiangazi, ambacho kingekuwa mwanya wa asili, nacho kimejazwa. Katika sehemu nyingi, majaribio ya kuunda timu za mwaka unaofuata hufanyika Mei au Juni. Mashindano ya taifa ya US Youth Soccer hufikia kilele mwezi Julai. Mashindano makubwa ya vijana kama USA Cup, yanayofanyika Blaine katika jimbo la Minnesota, na Gothia Cup, yanayofanyika Göteborg nchini Uswidi tangu mwaka 1975 na kuvutia timu za Marekani, nayo huchezwa Julai. Baina ya matukio hayo huingia kambi za mafunzo, ambazo kwa klabu nyingi ni chanzo cha mapato.

Kwa wachezaji wenye umri wa miaka 15 na 16 kuna shinikizo la ziada. Kwa kanuni zilizopitishwa mwaka 2019 na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, makocha wa soka wa daraja la kwanza wanaruhusiwa kuanza kuwasiliana na mchezaji tarehe 15 Juni baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Tarehe hiyo inaangukia mwanzoni kabisa mwa kiangazi. Vyuo navyo huendesha kambi za kutathmini vipaji katika miezi hiyo hiyo. Familia inayotumaini ufadhili wa masomo ya chuo kikuu huuona mwezi wa kupumzika kuwa ni mwezi wa kutoonekana.

Kielelezo cha wazi cha mwelekeo huu ni Development Academy, mfumo wa ligi ulioanzishwa na shirikisho la soka la Marekani mwaka 2007 na kuvunjwa mwaka 2020. Mwaka 2012 mfumo huo ulipitisha kalenda ya miezi 10 na kuwazuia wachezaji wake kuchezea timu za shule. Kuwazuia kulikuwa na mantiki yake: mchezaji asitumikishwe na mabwana wawili. Hata hivyo, kalenda ya miezi 10 ilibakiza miezi miwili tu nje ya msimu, na katika miezi hiyo ndimo majaribio, kambi na maandalizi ya msimu mpya yalimopaswa kuingia. Mfumo umekwisha, lakini dhana kwamba msimu mrefu ndiyo alama ya klabu makini imebaki.

3.0 Mahitaji ya Mwili Unaokua

3.1 Mifupa na kano

Mchezaji kijana si mchezaji mzima aliyepunguzwa kimo. Mifupa yake ingali na sehemu laini karibu na ncha, ambamo urefu huongezeka, na sehemu hizo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa unaozizunguka. Kasi ya kurefuka hufikia kilele karibu na umri wa miaka 12 kwa wasichana na miaka 14 kwa wavulana, ingawa watoto hutofautiana kwa mwaka mmoja au miwili. Katika kipindi hicho mifupa hutangulia kurefuka, na misuli na kano huchelewa kuifuata. Kila teke na kila mbio za ghafla huvuta kano pale iliposhikamana na mfupa laini. Ndiyo sababu maumivu chini ya pia ya goti, yajulikanayo kitabibu kwa jina la Osgood-Schlatter, na maumivu ya kisigino yaitwayo ugonjwa wa Sever, huwapata sana wachezaji wa umri huu. Wengine hupata nyufa ndogo katika mifupa ya sehemu ya chini ya mgongo.

Majeraha haya hayaletwi na kugongana. Huletwa na marudio: tendo lile lile, kwenye sehemu ile ile, kabla mwili haujamaliza kujikarabati. Tiba yake ya kwanza ni kupunguza marudio, na kinga yake ni kuweka vipindi ambamo marudio hayo hukoma. Akademia ya Madaktari wa Watoto ya Marekani, katika taarifa yake ya mwaka 2016 kuhusu watoto wanaojikita katika mchezo mmoja, ilipendekeza kijana apumzike na mchezo wake mkuu kwa jumla ya miezi mitatu katika mwaka, kwa mafungu ya mwezi mmoja mmoja, na apate siku moja hadi mbili za kupumzika kila wiki. Taarifa hiyo iliruhusu kijana aendelee kuushughulisha mwili kwa njia nyingine katika miezi hiyo.

Pendekezo hilo likiwekwa kando ya kalenda ya miezi 10, mgongano unadhihirika kwa hesabu nyepesi. Miezi 10 ya mchezo na miezi mitatu ya mapumziko ni miezi 13. Pasipo kukata mwezi ndani ya msimu wenyewe, pendekezo la madaktari halitekelezeki.

3.2 Saa za mazoezi na mchezo huru

Utafiti wa Jayanthi na wenzake uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha vijana zaidi ya 1,000 wa miaka 7 hadi 18 katika eneo la Chicago, ulitoa vipimo viwili vinavyoeleweka kwa urahisi. Vijana waliotumia katika mchezo uliopangwa saa nyingi kwa wiki kuliko idadi ya miaka yao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata majeraha mabaya ya marudio. Hali ilikuwa hivyo pia kwa waliotumia muda unaozidi mara mbili katika mchezo uliopangwa ukilinganishwa na mchezo huru. Kwa kipimo cha kwanza, mtoto wa miaka 12 asizidishe saa 12 kwa wiki. Kambi ya kiangazi yenye vipindi viwili kwa siku inaweza kuzimaliza saa hizo katika siku tatu.

Kipimo cha pili kinajibu hoja inayotolewa mara kwa mara, kwamba watoto wa mitaa ya Brazili au Afrika hucheza kila siku na hawadhuriki. Mchezo wa mtaani, ule ambao vijana wa mijini Tanzania huuita chandimu, hauna filimbi ya kocha wala nafasi ya kugombea. Mtoto akiumwa hukaa pembeni, akichoka huenda nyumbani, na siku akipenda kupanda mwembe mpira husubiri. Mapumziko yamo ndani ya mchezo wenyewe. Mtoto aliyelipiwa kambi hana hiari hiyo.

3.3 Usingizi na ari

Mapumziko ya kiangazi pia ni fursa ya kurudisha usingizi. Taasisi ya Marekani ya tiba ya usingizi ilipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa usiku. Utafiti wa Milewski na wenzake (2014) miongoni mwa wanamichezo 112 wa sekondari huko California ulionyesha kwamba waliolala chini ya saa 8 walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 wa wenzao. Mchezaji anayesafiri kwenda mashindanoni kila mwisho wa wiki, akarudi Jumapili usiku na kuingia darasani Jumatatu asubuhi, hujilimbikizia deni la usingizi ambalo siku moja ya mapumziko hailipi.

Kuna pia uchovu wa nafsi. Kijana aliyechokwa na mchezo haonyeshi jeraha katika picha ya eksirei. Huonekana mzito mazoezini, hukasirika kwa jambo dogo, hutafuta visingizio vya kutokwenda uwanjani, na hatimaye huacha. Wazazi wengi huitafsiri hali hiyo kuwa ni uvivu na kuongeza mazoezi, yaani huongeza kile kile kilichosababisha tatizo.

4.0 Hofu ya Kupoteza Utimamu wa Mwili

Hofu hii haipaswi kupuuzwa, kwa maana ina msingi. Utafiti wa Coyle na wenzake (1984) uliwafuatilia wanamichezo wazima waliokuwa wamefanya mazoezi ya ustahimilivu kwa miaka, kisha wakaacha kabisa kwa siku 84. Uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ulishuka kwa asilimia 7 katika siku 21 za mwanzo, na baada ya siku 56 ukatulia katika asilimia 16 chini ya kiwango cha awali. Sehemu ya mshuko wa mwanzo hutokana na kupungua kwa majimaji ya damu, jambo linalopunguza kiasi cha damu ambacho moyo hukisukuma kwa kila pigo.

Takwimu hizo, hata hivyo, zinahitaji kusomwa kwa makini. Waliochunguzwa waliacha mazoezi yote, ilhali mapumziko tendaji huendelea kuushughulisha moyo na mapafu. Walikuwa watu wazima, ilhali mtoto anayekua huongeza nguvu kutokana na ukuaji wenyewe. Aidha, si kila sifa hupotea kwa kasi moja. Mujika na Padilla (2000), katika mapitio yao ya tafiti za aina hii, walionyesha kwamba nguvu za misuli kwa kawaida hudumu kwa takriban wiki nne bila mazoezi. Stadi za mguu na mpira, zikishajengeka kwa miaka, huchelewa zaidi kupotea. Anachokipoteza kijana katika mwezi wa mapumziko tendaji ni kidogo, na ni cha aina inayorudi katika wiki chache za maandalizi mazuri.

Hatari iliyo kubwa zaidi iko penginepo: katika kurejea kwa ghafla. Takwimu za majeraha za NCAA za kuanzia mwaka 1988 hadi 2003 zilionyesha kwamba katika soka ya wanawake, kiwango cha majeraha katika mazoezi ya maandalizi ya msimu kilikuwa zaidi ya mara tatu ya kile cha mazoezi ya katikati ya msimu. Kocha anaweza kuitumia takwimu hii kupinga mapumziko, akidai kwamba waliopumzika ndio walioumia. Tafsiri iliyo sahihi zaidi ni kwamba mzigo wa mazoezi ulipandishwa haraka kuliko mwili ulivyoweza kuustahimili. Dawa yake ni ngazi ya kupandia, si kufuta mapumziko. Kwa wasichana jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu kiwango chao cha kukatika kano ya mbele ndani ya goti ni mara mbili hadi tatu ya kile cha wavulana katika soka.

5.0 Muda na Mpangilio Unaopendekezwa

Kutokana na hoja zilizotangulia, mapumziko ya kiangazi kwa mchezaji wa miaka 12 hadi 18 anayecheza karibu mwaka mzima yasipungue wiki nne mfululizo bila soka iliyopangwa. Neno mfululizo lina umuhimu wake. Wiki moja Juni, wiki moja Julai na siku kumi Agosti hazifanyi mwezi, kwa kuwa kila kurejea huanzisha upya marudio kabla ya tishu kumaliza kujikarabati, na nafsi haipati nafasi ya kuutamani tena mchezo. Mafungu mawili ya mwezi yanayobaki katika mwaka yatafutwe penginepo: moja baada ya mapukutiko, kati ya Novemba na Januari, na jingine pale ratiba ya jimbo inaporuhusu.

Kwa kiangazi cha wiki kumi, mpangilio ufuatao unakidhi mahitaji yaliyojadiliwa:

(a) Wiki ya 1 na ya 2: mapumziko kamili. Hakuna ratiba ya mazoezi. Usingizi, familia, na michezo ya hiari tu. Maumivu yoyote yaliyobebwa kutoka msimuni yaonwe na daktari wakati huu, si Agosti.

(b) Wiki ya 3 na ya 4: mapumziko tendaji. Kuogelea, baiskeli, mpira wa kikapu wa mtaani au mchezo mwingine wowote usiorudia matendo ya soka. Mtoto akitaka kupiga danadana uani, aachwe, asihesabiwe.

(c) Wiki ya 5 na ya 6: kurejea. Vipindi vitatu vya mazoezi kwa wiki, bila mechi. Programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+ ianze hapa. Jaribio lililofanywa Norway kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17 na kuchapishwa mwaka 2008 lilionyesha kwamba timu zilizoitumia programu hiyo zilipata majeraha mabaya na majeraha ya marudio machache kwa takriban nusu kuliko timu zisizoitumia.

(d) Wiki ya 7 na ya 8: kuongeza kasi. Vipindi vitatu au vinne, pamoja na michezo ya wachezaji wachache katika eneo dogo.

(e) Wiki ya 9 na ya 10: maandalizi kamili na mechi za kirafiki, kukiwa na angalau siku moja ya kupumzika kila wiki.

Hatua ya (c) na kuendelea huangukia Julai na Agosti, miezi ya joto kali katika majimbo ya kusini. Mwili huhitaji takriban siku 10 hadi 14 kulizoea joto. Mwongozo wa mwaka 2009 wa chama cha wataalamu wa tiba ya michezo, NATA, uliweka siku 14 za kuwazoesha wanafunzi wa sekondari hatua kwa hatua. Kijana aliyetoka kwenye mapumziko asiwekwe mchana wa Agosti huko Houston kwa kipindi kirefu siku ya kwanza.

Pendekezo la wiki nne laweza kuonekana kubwa hadi lilinganishwe na madai ya wachezaji wa kulipwa. FIFPRO, muungano wa vyama vya wachezaji duniani, unadai angalau siku 28 za mapumziko baina ya misimu kwa wachezaji wazima, wenye mifupa iliyokomaa, madaktari wao na wapishi wao. Ni vigumu kutetea hoja kwamba mtoto wa miaka 13 anastahili pungufu ya hapo.

6.0 Hali Zinazotofautiana

Kipimo kimoja hakiwafai wote. Mtoto wa chini ya miaka 12 hahitaji ratiba ya hatua tano. Anahitaji kiangazi cha kucheza anachokitaka, na kambi moja fupi ya kufurahisha haitamdhuru. Kijana aliye katika kilele cha kurefuka, ambaye viatu vya Machi havimtoshi Juni, aongezewe wiki moja au mbili, na kurejea kwake kuwe kwa taratibu zaidi. Aliyefungwa bandeji msimu mzima asidhani kwamba mwezi wa mapumziko pekee utamponya: jeraha likiwa na programu ya tiba ya mazoezi, programu hiyo huendelea hata soka ikisimama.

Kwa upande mwingine, kijana anayecheza msimu mmoja tu wa shule kwa mwaka tayari ana miezi mingi bila soka. Kwake tatizo la Agosti si ukosefu wa mapumziko bali ni kuingia msimuni bila maandalizi, na kiangazi chake kinafaa kuwa na mazoezi mepesi zaidi ya mapumziko. Vilevile kijana anayeacha soka Juni na kuingia ligi ya kiangazi ya mchezo mwingine uliopangwa hupata nafuu ya marudio, ila hapati nafuu ya mzigo; siku zake za kupumzika kila wiki zibaki pale pale.

Hali iliyo ngumu kuliko zote ni ya timu inayofuzu hadi fainali za Julai. Wachezaji wake ndio waliocheza mechi nyingi zaidi, na ndio wanaotarajiwa kuanza maandalizi ya shule wiki mbili baadaye. Kwa kawaida wao ndio hupewa mapumziko machache, ilhali wanahitaji mengi. Kwao mwezi uanzie siku ya mechi ya mwisho, hata kama maana yake ni kuukosa mwanzo wa msimu wa shule. Uamuzi huo una gharama, na gharama hiyo haipaswi kubebwa na mtoto peke yake.

7.0 Wenye Dhamana

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Familia inayousoma ushauri wa madaktari na kuukubali bado inakabiliwa na swali moja: mtoto wetu akipumzika na wengine wasipumzike, nani atachukua nafasi yake? Kila familia ikijiuliza hivyo, hakuna inayopumzika, ingawa zote zingefaidika kama zote zingepumzika. Ushauri unaoelekezwa kwa mzazi mmoja mmoja, hata uwe sahihi kiasi gani, hauwezi kulitatua tatizo la namna hiyo.

Watetezi wa mazoezi ya mwaka mzima husimama juu ya wazo ambalo Waswahili wamelifupisha katika methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli kuhusu malezi, lakini inahusu kukunja, si kuvunja. Stadi hufundishwa utotoni, ndiyo; mfupa laini nao huharibika utotoni.

Nyenzo ya kupumzisha wote kwa pamoja tayari ipo. Vyama vya michezo ya sekondari katika majimbo kadhaa huweka kipindi cha kiangazi ambacho makocha wa shule hawaruhusiwi kuendesha mazoezi. Katika jimbo la Kentucky, kipindi hicho ni kuanzia tarehe 25 Juni hadi tarehe 9 Julai. Kasoro zake ni mbili: ni kifupi, na hakizifungi klabu. Mchezaji anayefungiwa uwanja wa shule huvuka barabara na kuingia uwanja wa klabu. Ligi za klabu zikikubaliana kufunga mwezi mmoja, bila mechi, mazoezi, majaribio wala kambi, hakuna mchezaji atakayepoteza nafasi kwa kupumzika, kwa sababu hakutakuwa na nafasi inayogombewa. Vyuo vikuu vikizisogeza kambi zao za kutathmini vipaji nje ya mwezi huo, shinikizo la tarehe 15 Juni litapungua.

Pingamizi kubwa litatoka kwenye mapato ya kambi. Pingamizi hilo ni la kweli na linastahili kujibiwa kwa hesabu, kwa mfano kwa kuyasambaza mapato hayo katika ada ya mwaka. Halistahili kujibiwa kwa magoti ya watoto.

8.0 Hitimisho

Makala hii imejadili muda wa mapumziko ya kiangazi kwa wachezaji vijana wa soka ya ushindani nchini Marekani. Imebainika kwamba mchezaji wa miaka 12 hadi 18 anayecheza karibu mwaka mzima anahitaji wiki nne mfululizo bila soka, mbili za mapumziko kamili na mbili za mapumziko tendaji, zikifuatwa na wiki sita za kurejea kwa ngazi. Imebainika pia kwamba hofu ya kupoteza utimamu, ijapokuwa ina msingi, imeelekezwa pasipostahili: utimamu unaopotea katika mwezi mmoja hurudi, na majeraha yanayohofiwa hutokana zaidi na kurejea kwa ghafla. Mwisho, imeonyeshwa kwamba mapumziko ni suala la kalenda kabla ya kuwa suala la nidhamu ya mchezaji. Kijana wa miaka 14 hapangi tarehe za majaribio wala za fainali. Wanaozipanga ndio wanaopaswa kuulizwa kwanza swali la wiki ngapi.